Pesa za Kaburi Ambalo Bado Halijajengwa ni za Nani?

Hotuba kwa kamati za makaburi, makanisa na vyama vya mazishi, Kisumu

Mwenyekiti, wazee wa kanisa na wa ukoo, akina mama wa vyama vya mazishi, wakandarasi na mafundi: hamjambo nyote. Wengine mmetoka Busia na Vihiga, wengine Nakuru, na safari ya kurudi ni ndefu. Nitaingia kwenye jambo lenyewe.

Huku kwetu mtu huzikwa nyumbani. Lakini mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena, miji imepanuka, na leo si ajabu kusikia kanisa au chama kikiwaza kujenga jumba la makaburi: jengo la zege lenye vyumba vilivyopangwa kwa safu, kila chumba jeneza moja, mlango wake ukifungwa kwa bamba lenye jina la marehemu. Tumezoea kuona jengo la kaburi la mtu mmoja mashuhuri, kama lile la Tom Mboya kisiwani Rusinga au la Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo. Ninalolizungumzia ni jumba la watu wengi, linalojengwa kwa pesa zao wenyewe, zinazolipwa kidogo kidogo kabla hata msingi haujachimbwa.

Mama analipa shilingi 10,000 kila mwezi kwa chumba ambacho leo ni nyasi tu. Pesa hizo ni za nani? Kama hakuna lililoandikwa, ni za chama au kampuni iliyozipokea, na mama ni mdai tu. Siku chama kikianguka atapanga foleni pamoja na mwenye simiti, benki na mamlaka ya ushuru, na kwenye foleni hiyo yeye huwa miongoni mwa wa mwisho. Kama zimewekwa kwa amana iliyoundwa sawasawa, yaani zimekabidhiwa wadhamini wazishike kwa ajili yake na kwa kazi hiyo tu, ni zake mpaka zigeuke zege. Wadai wa chama hawawezi kuzigusa kwa sababu hazikuwa za chama hata siku moja. Kila nitakalosema leo linatoka kwenye tofauti hiyo.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake mawakili wetu huzitumia kama mwongozo, ziliamua jambo hili katika kesi ya kampuni ya Kayford, iliyochapishwa mwaka 1975. Kampuni ilikuwa ikiuza bidhaa kwa njia ya posta, wateja wakilipa kabla ya kupokea. Wakurugenzi walipoona mambo yanaharibika, walishauriwa wafungue akaunti ya pekee ya pesa za wateja. Wao wakatumia akaunti ya zamani iliyokuwa imelala, yenye pauni 47 na senti 80, na kuanza kuweka humo malipo ya wateja. Kampuni ilipofilisika, jaji alisema wateja wamehifadhiwa: nia ya kuwawekea pesa ilikuwa dhahiri na pesa zilitengwa. Wakarudishiwa. Waliolipa kabla ya pesa kutengwa hawakuwa na akaunti ya kushika.

Nyingine ni ya Quistclose, iliyoamuliwa mwaka 1968. Kampuni iitwayo Rolls Razor ilikopeshwa zaidi ya pauni 209,000 kwa kazi moja tu, kulipa gawio la wenye hisa. Pesa ziliwekwa kwenye akaunti ya pekee, na benki ikaandikiwa barua kwamba zisitumike kwa jambo lingine. Kampuni ilifilisika kabla ya kulipa gawio hilo, na benki ikataka kuzichukua kufidia deni ililokuwa ikiidai. Ilishindwa, kwa sababu ilikuwa imearifiwa. Kwa hivyo siku mnafungua akaunti ya amana, pelekeni barua kwa meneja, mkitaja kwamba pesa ni za wanunuzi wa vyumba na haziwezi kuunganishwa na deni lolote la chama. Nakala irudi na muhuri wa benki na tarehe. Karatasi hiyo ni ndogo, lakini bila yake benki itasema haikujua.

Ili amana isimame, sheria inataka mambo matatu yawe wazi, na yamekuwa hivyo tangu mwaka 1840: nia ya kuweka amana, mali yenyewe ni ipi, na wanaonufaika ni akina nani. La tatu ndilo linaloangusha kamati nyingi. Mkiandika tu kwamba pesa ni "za kujenga jumba la makaburi," mmeunda amana ya kazi, isiyo na mtu. Jengo haliwezi kwenda mahakamani kudai haki yake. Andikeni kwamba pesa zinashikwa kwa niaba ya wanunuzi waliomo kwenye daftari, kwa ajili ya kuwajengea vyumba walivyonunua. Daftari liwe na jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya chumba, bei, tarehe ya kila malipo na jina la mrithi. Daftari likipotea, kuthibitisha nani ananufaika kunakuwa kazi ya miaka, basi wekeni nakala mbili, moja nje ya ofisi.

Sasa sheria zetu. Bunge la Kenya halijatunga sheria mahususi ya pesa za majumba ya makaburi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka makaburi, vyumba vya maiti na mahali pa kuchomea maiti chini ya kaunti. Kwa hivyo kibali cha kutumia ardhi kama makaburi ni cha kaunti, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inawahusu. Pesa zinatawaliwa na Sheria ya Wadhamini, Sura ya 167, pamoja na kanuni za haki tulizorithi kutoka mahakama za Uingereza. Mkitaka wadhamini wawe chombo kimoja cha kisheria, kisichokufa mdhamini mmoja akifa, kuna sheria nyingine, Sura ya 164. Makanisa mengi makubwa tayari yana wadhamini waliosajiliwa hivyo. Kikundi kilichoandikishwa tu kwa ofisi ya huduma za jamii kina cheti, lakini hati ya ardhi na mamilioni ya watu ni vyema vikae mikononi mwa wadhamini walioteuliwa kwa hati.

Kwa kuwa hatuna kanuni mahususi, inatupasa tuziandike wenyewe ndani ya hati ya amana. Mfano mzuri wa kutazama ni jimbo la Florida, Marekani, ambako biashara hii ni ya siku nyingi na sheria imeingia hadi kwenye hesabu. Kule, kampuni ya makaburi inayouza vyumba kabla ya kuvijenga lazima iunde kwanza amana ya ujenzi kwa maandishi, iliyo mbali na amana zake nyingine. Lazima ianze kujenga sehemu iliyouza ndani ya miaka 4 tangu mauzo ya kwanza, au nusu ya vyumba ikiwa imeuzwa na kulipiwa, lolote litakalotangulia. Lazima imalize ndani ya miaka 5. Nyongeza ya muda hupatikana kwa sababu nzuri, nayo haizidi mwaka mmoja. Jengo lisipokuwa tayari kwa wakati, au mnunuzi akifariki kabla halijaisha, pesa zote hurudishwa zikiombwa, isipokuwa mkataba umesema vingine. Zilizokuwa kwenye amana hurudi na riba zilizopata. Zile ambazo hazikuwekwa kwenye amana pia hurudi, na kampuni huongeza riba ambayo zingepata kama zingewekwa. Naipenda sana kanuni hiyo ya mwisho, kwa sababu inaondoa faida yote ya kuzungusha pesa za watu.

Kuhusu kiasi cha kuweka, Florida inasema hivi: msanifu, mhandisi au mkandarasi mwenye leseni akadirie gharama ya mradi, iongezwe asilimia 10, kisha igawanywe kwa idadi ya vyumba. Hicho ndicho kiasi cha kila chumba kinachopaswa kuingia kwenye amana. Mtu akilipa kwa awamu, sehemu inayoingia kwenye amana inafuata uwiano wa malipo yake na bei yote. Na pesa ziingie ndani ya siku 30 baada ya mwisho wa mwezi zilipopokelewa.

Tufanye hesabu kwa shilingi, huu ukiwa mfano tu. Jumba lina vyumba 120. Mkadiriaji anasema litagharimu 14,400,000. Ongeza asilimia 10, ni 15,840,000. Gawanya kwa 120, ni 132,000 kwa kila chumba. Mkiuza chumba kwa 220,000, basi amana inachukua asilimia 60 ya kila shilingi. Mama akileta 10,000 zake, 6,000 zinaingia kwenye amana na 4,000 ndizo za ardhi, ofisi, wakala na faida kama ipo. Wapo wanaotaka zile 4,000 zitangulie, yaani ofisi ijilipe kwanza na amana ijazwe mwishoni. Msikubali. Mnunuzi akikatiza malipo katikati, ofisi itakuwa imeshiba na ukuta wake haupo.

Lakini hesabu hiyo ina mtego, na ndiyo maana nataka tukae hapa kidogo. Mara nyingi jumba la vyumba 120 hujengwa kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inabeba barabara ya kuingilia, mtaro wa maji ya mvua, lango, na mara nyingi ngazi na ukuta ambao sehemu ya pili itauegemea. Tuseme sehemu ya kwanza, vyumba 60, ni 8,400,000, na ya pili ni 6,000,000 tu. Jumla ni ile ile. Mkiweka 132,000 kwa kila chumba, siku vyumba 60 vya kwanza vimelipwa vyote mtakuwa na 7,920,000, na sehemu ya kwanza peke yake inataka 8,400,000. Mmepungukiwa na 480,000 kabla hata bei ya chuma haijapanda, na ile asilimia 10 ya tahadhari haipo tena. Mkihesabu kila sehemu kivyake, ya kwanza itataka 154,000 kwa chumba, yaani asilimia 70 ya bei, na ya pili 110,000, yaani asilimia 50. Basi andikeni kwenye hati kwamba kila sehemu ina hesabu yake na akaunti yake, na pesa za sehemu ya pili hazikopeshwi ya kwanza. Wasimamizi wengi, yaani chama au kampuni inayouza vyumba, wakikwama hukopa huko huko, na walionunua sehemu ya pili wanabaki wamelipia jengo la wenzao.

Makadirio yenyewe yapitiwe kila mwaka. Mkandarasi akitoa BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na bei zake, mwaka wa kwanza na mkaanza kuchimba mwaka wa nne, bei hizo zimekwisha kazi. Mkadiriaji aandike upya gharama ya kumaliza, na wadhamini walinganishe na salio pamoja na awamu zinazodaiwa. Zikipungua, bei ya vyumba ambavyo havijauzwa inapanda, au msimamizi anaongeza kutoka mfukoni. Aliyekwisha kununua habadilishiwi bei.

Na udongo, jamani. Sehemu kubwa ya uwanda wa Kano na mitaa mingi ya Kisumu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Jengo la makaburi ni zito, halina madirisha, na zege lake likipasuka harufu na maji hupita. Hapa msingi unaweza kuzidi makadirio kwa mbali, kwa sababu udongo huo huchimbwa na kuondolewa, kisha hujazwa mawe na murram iliyoshindiliwa. Wa Nakuru mnazo nyufa za ardhi, ambazo ni jambo jingine kabisa. Pimeni udongo kwa mashimo ya majaribio kabla ya kuweka bei ya chumba, wala si baada ya kuuza. Gharama ya kipimo hicho iwe ya msimamizi, kwa sababu amana bado haina pesa, na haifai kuwa nazo kabla ya bei kujulikana.

Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, kuwe na vitu vinne mkononi: hati ya ardhi iliyofanyiwa upekuzi, ikionyesha kwamba haijawekwa rehani, idhini ya kaunti ya kuitumia kama makaburi, ramani zilizopitishwa, na hati ya amana iliyosainiwa. Rehani ndiyo hatari kuliko zote. Ardhi ikiwa imewekwa rehani benki, jumba litakalojengwa juu yake linakwenda na ardhi siku ya mnada, hata kama pesa za ujenzi zilitunzwa kwa uaminifu wote. Kama kuna rehani, benki iandike kwanza kwamba inakiachia kipande hicho.

Namna ya kutoa pesa ndiyo kazi kubwa ya wadhamini. Mdhamini halipi kwa sababu mkandarasi anadai, wala kwa sababu mwenyekiti amepiga simu. Analipa kwa cheti cha kazi iliyokwisha, kilichotiwa sahihi na mhandisi au mkadiriaji asiyelipwa na mkandarasi. Gaweni kazi kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi na mtaro, kuta na vyumba vya safu ya chini, safu ya juu, paa na kuziba maji, milango na umaliziaji. Malipo ya kila hatua yasizidi thamani ya kilichosimama. Kamati nyingi hukosea kwa kulipa nusu ya pesa "ili fundi aanze." Fundi akipata nusu na kuchimba mtaro tu, ameshalipwa kuliko kazi yake na ana sababu ya kwenda kwingine. Kama anahitaji kununua chuma, wadhamini wamlipe muuza chuma moja kwa moja, kwa ankara, na chuma kihesabiwe kikifika. Katika kila malipo zuieni asilimia 10 ya dhamana ya kasoro. Nusu itoke jengo likikamilika, nusu nyingine baada ya miezi sita, ili lipite angalau msimu mmoja wa mvua ndefu au fupi. Jengo la makaburi linaonyesha makosa yake wakati wa mvua. Mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa daraja linalofaa, na usajili wake uangaliwe siku ya kusaini, usitegemee picha ya cheti aliyotuma kwa WhatsApp.

Mdhamini asiwe mkandarasi, wala shemeji ya mkandarasi, wala mwenye duka la simiti. Kanuni hii ni kali tangu mwaka 1726: mdhamini hafaidiki kutokana na amana, hata kama hakumdhuru mtu. Akifaidika, faida ni ya amana. Hata kulipwa posho hawezi, isipokuwa hati imeruhusu. Na msidhani mdhamini wa jina tu hana lawama. Pesa zikipotea kwa uzembe wa mmoja, wote wanaweza kudaiwa, na mnunuzi anaweza kumchagua mwenye mali zaidi. Mama anayetiwa kwenye orodha "ili tuwe na mwanamke" na haonyeshwi taarifa za benki anabeba hatari kamili bila mamlaka yoyote. Asikubali nafasi hiyo kabla ya kuwekwa kwenye orodha ya wanaotia sahihi na kupata taarifa kila mwezi.

Sasa simu. Malipo mengi huku hupita kwa M-Pesa. Nambari ya mweka hazina haifai, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote kijijini. Akifariki, salio lililomo kwenye simu yake linaonekana ni mali yake. Familia italitafuta kwa barua za urithi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, na wanunuzi watahitaji kuthibitisha mmoja mmoja kwamba humo mlikuwa na pesa zao. Fungueni paybill kwa jina la amana, pesa zishuke kwenye akaunti ya amana, na nambari ya akaunti anayoandika mlipaji iwe nambari ya chumba chake. Hapo taarifa ya benki yenyewe inakuwa daftari la pili. Sahihi za kutoa ziwe tatu, zikihitajika mbili kwa kila malipo, na wawili hao wasiwe wa nyumba moja.

Kiasi nacho kiangaliwe. Shirika la Bima ya Amana za Benki nchini hulipa hadi shilingi 500,000 kwa mwenye akaunti benki ikifungwa. Amana ya milioni nane kwenye benki moja dhaifu inaweza kuwa imelindwa kwa sehemu ndogo tu. Pesa ambazo hazitahitajika kwa miezi kadhaa zinaweza kuwekwa kwenye hati za Hazina, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, za siku 91, 182 au 364, mkipanga ziive kabla ya hatua inayofuata ya ujenzi. Kumbukeni riba ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Hati ya amana iseme pia riba inayobaki ni ya nani. Ushauri wetu ni kwamba iwe ya amana, kwa sababu bei ya simiti haisubiri.

Lakini kukopesha wanachama, hapana. Najua vyama vyetu vimelelewa na mzunguko na mikopo ya mezani, na mtu huona pesa zimelala bure akahisi ni dhambi. Pesa za amana zina kazi moja. Mkizikopesha kwa riba nzuri na zikarudi zote, bado mmevunja amana. Zisiporudi, ni zenu kulipa. Na aliyezigeuza kwa nia ya kulaghai anakabiliwa na Kanuni ya Adhabu, ambayo inampa mdhamini wa namna hiyo kifungo cha hadi miaka saba. Katika madai, Sheria ya Muda wa Mashtaka inatoa miaka 6 kwa makosa ya kawaida ya mdhamini. Mdhamini aliyedanganya, au anayeshikilia bado mali ya amana, hana muda wa kujificha nyuma yake.

Kuna jambo jingine ambalo sisi lazima tuliandikie. Mtu anaweza kununua chumba, akalipa chote, na bado akazikwa kwingine. Kesi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987 iliifundisha nchi nzima hilo. Mjane wake alisema marehemu alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, ukoo ukasema Nyalgunga, Siaya. Mahakama ikaupa ukoo haki, na alizikwa Nyalgunga mwezi wa Mei mwaka huo. Risiti ya chumba haimlazimishi mtu yeyote kumzika mnunuzi humo. Kwa hivyo hati iseme: chumba kikiachwa, kinakuwa cha mrithi aliyetajwa kwenye daftari, au kinauzwa na pesa kurudi kwa familia, baada ya makato gani, ndani ya siku ngapi. Bila kifungu hicho ofisi itauza chumba mara ya pili kimya kimya, na siku mjukuu akija na risiti patakuwa na majeneza mawili na mlango mmoja. Kumbukeni pia kufukua maiti kunahitaji kibali chini ya Sura ya 242. Kosa hilo halirekebishwi jioni moja.

Kwa wale mnaochanga harambee kumjengea kaburi kiongozi mmoja au mchungaji, sheria ni laini zaidi, ila ina mipaka. Mahakama zimekubali amana ya kujenga mnara wa marehemu. Mchoraji Turner wa Uingereza aliacha pauni 1,000 za mnara wake katika kanisa kuu la St Paul's, na mwaka 1856 ilikubaliwa. Lakini mwaka 1876 mtu aliyeacha pauni 300 za kujenga na 200 za kutunza milele alipata nusu ya alichotaka: za kujenga zilisimama, za kutunza milele zikaanguka. Kaburi la mtu mmoja haliwekewi pesa za milele. Mkitaka kulitunza, andikeni muda usiozidi miaka 21, muda uliokubaliwa katika kesi ya Hooper mwaka 1932. Kutunza makaburi yote ya kanisa kwa pamoja ni tofauti, kwani hilo limechukuliwa kuwa kazi ya hisani tangu 1886 na linaweza kuendelea bila kikomo. Basi mfuko wa utunzaji uwe wa makaburi yote. Uwe mbali na mfuko wa ujenzi, na uliwe riba tu, mtaji ubaki. Florida huweka asilimia 10 ya bei ya haki ya kuzikwa kwenye mfuko wa aina hiyo. Katika harambee, tangazeni kabla ya kuchanga ziada itakwenda wapi. Baada ya mazishi kila mtu huwa na jibu lake.

Namalizia na wale ambao tayari mna pesa mahali pasipofaa. Wako humu ndani, na kuwaficha hakuwasaidii. Simamisheni mauzo. Andikeni orodha ya kila aliyelipa kutoka kwenye risiti na taarifa za M-Pesa, hata kama haziwiani. Fungueni akaunti ya amana, pelekeni barua ya benki, hamisheni kila shilingi iliyobaki. Wadhamini watie sahihi tamko kwamba pesa hizo zinashikwa kwa ajili ya waliomo kwenye orodha, likiwa na tarehe ya siku hiyo. Pengo likionekana, liandikwe kwa tarakimu, pamoja na jina la aliyezichukua na tarehe ya kuzirudisha. Wanunuzi waitwe wasomewe orodha kwa sauti, kila mmoja asikie jina lake na kiasi chake, na anayepinga apinge siku hiyo, mbele ya wakili, kabla ya mkandarasi yeyote kupewa ramani.